Akaunti ya Marehemu Mama Saumu

Siku hizi mtu akifa, serikali ya mtaa huichukua akaunti yake ya mtandaoni, yenye hadithi alizosimulia kwa sauti, ikapimie ukomo wa hifadhi, yaani inabeba mangapi kabla ya kujaa. Basi siku ya hitima, nyumba imefurika majirani, fundi wa serikali hiyo alizifuta hadithi zote za marehemu mama yake Saumu, akaijaza akaunti takataka, na spika ikaisoma takataka hiyo kwa sauti ya mama yuleyule: "Aaa, sifuri, aaa, sifuri," mpaka nafasi ikaisha.

Saumu akamgeukia fundi. "We kaka, huna mama?"

"Jaribio linataka mtumiaji wa kweli, dada, ila asiyelalamika," fundi akajibu, sambusa ya hitima mdomoni. Kisha akachungulia chumbani, alikolala baba mgonjwa. "Na mzee, bado anaongea?"