Vidole Vinne Kila Mguu

"Ukikata mguu wa meza yangu, leo utanijua!"

"Nishakujua. Wewe ndiye unayemvunja mwenzio shingo. Shika hapa."

Sudi akashika. Duka la kuchapa barua lake, meza yake, na huyu fundi Makame aliitwa kukaza kiti tu. Lakini Zuhura, mchapaji wake kwa miaka tisa sasa, alishasema: shingo ikiendelea hivi, kesho haji. Na bila Zuhura hakuna duka.

Makame hata futi hakutoa. Alipofika alimwambia Zuhura aandike kama kawaida, akachuchumaa, akatazama mabega yalivyopanda mpaka masikioni. Kisha akateremsha kompyuta, akapindua meza. Sasa alikuwa anakata vidole vinne kila mguu, kwa macho tu. Alipoisimamisha, meza haikutikisika hata chembe. Skrini akaiinua kwa rimu mbili za karatasi, na chini ya miguu ya Zuhura akasukuma tofali.

"Haya dada, andika."

Mabega yakashuka, kama ya mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. Vidole vikakimbia. Ukurasa mzima ukaisha, Zuhura hajajishika shingo hata mara moja, na wala hakusimama, akaanza mwingine.

Sudi akainama kuitazama miguu ya meza. "Fundi, umejuaje?"

"Si nimemtazama? Wewe miaka tisa ulikuwa unatazama nini?"

Makame akatia msumeno kwapani, akageuka, akaenda zake.