Nukta Nyekundu

Boliti ya mwisho ya pampu ya maji ilipotoka, Oydin aliifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, halafu akaisogeza karibu na macho.

Tulikuwa tumeinamia injini ya Zhiguli, gari la marehemu kaka yangu, chini ya mzabibu wa uani kwao Kokand. Oydin, mjane wake, alikuwa ameniita nimsaidie kubadilisha pampu. Kwake mimi nilikuwa "wewe" tu. Wewe shika spana, wewe sogea. Ndivyo ilivyokuwa tangu alipokuwa bibi harusi, ilipopotea chupa yake ya rangi ya kucha iliyotoka Tashkent, naye akaniita mwizi mbele ya wageni.

"Nini? Imekatika?" nikauliza.

Akaninyooshea boliti. Kichwani mwa boliti palikuwa na nukta moja nyekundu. Tukazifuta na nyingine: moja ilikuwa na nukta mbili, nyingine tatu. Kwenye injini, kando ya kila tundu, nukta zile zile, ili kila boliti irudi mahali pake. Kaka alikuwa msahaulifu sana.

"Ni rangi yangu," alisema Oydin. "Mwanamume yule! Tena aliitafuta pamoja nami, mpaka chini ya zulia!"

Nilicheka mpaka nikakalia tairi. Yeye alikuwa akizitazama tu zile nukta.

Nikachukua kitambaa niendelee kusafisha injini. Akanidaka mkono.

"Hizo usizifute, wifi."