Tangazo Kwenye Lifti

Bibi Odile Vasseur alibandika karatasi yake kwenye lifti Jumatatu asubuhi, pale pale ambapo wapangaji wa jengo lile la pembeni mwa Paris hubandika za kwao wakitaka kualika wageni au kutoboa ukuta. Aliandika kwa adabu: "Majirani wapendwa, Jumamosi saa kumi na moja jioni nitamuua mume wangu. Niwieni radhi kwa kelele. Namba 74."

Mume hakuwa naye. Kwa miaka kumi na moja aliyokaa ghorofa ya saba, hakuna aliyewahi kugonga mlango wake, na upweke ulikuwa umemchosha. Alijiambia kwamba kwa habari kama hiyo, hata jiwe lingepanda ngazi kuuliza.

Jumanne mtu aliandika chini yake kwa kalamu: "Asante kwa kututaarifu." Jumatano mwingine akaomba mambo yaishe kabla ya saa nne usiku, maana ana mtoto mchanga. Alhamisi mtu wa ghorofa ya pili akakumbusha kwamba vitu vikubwa havitupwi kwenye mapipa ya uani.

Jumamosi Odile alioka keki ya tufaa, akapanga vikombe viwili, akajiona mjinga. Saa kumi na nusu mlango ukagongwa.

Alikuwa Bwana Lucien Maréchaux wa namba 64, ghorofa moja chini yake, kavaa tai, ana maua mkononi. Kabla hajaketi aliuliza kama bado ni saa kumi na moja ile ile. Odile nusura alie kwa furaha. Alimkatia kipande cha keki na kumweleza yote kwa pumzi moja: hana mume, hajawahi kuua hata panya, alitaka tu mtu wa kunywa naye kahawa.

Bwana Maréchaux aliweka uma chini. "Kwa hiyo hakuna kelele?"

"Hata kidogo, Bwana. Kuwa na amani."

"Basi umeniponza, Bibi. Mke wangu ameshaingia kuoga. Nilitegemea kelele zako zifunike zangu."

Akachukua kofia yake, akaushika mlango. Odile aliitazama keki iliyobaki kwenye sahani ya mgeni.

"Redio yangu ina sauti kubwa sana," alisema. "Ila ukimaliza, urudi tunywe kahawa."