Mchoro wa Mtu

Karani alimsogezea Nyamvula fomu ya kuandikisha walemavu, yenye mchoro wa mtu. "Weka alama penye ulemavu, dada."

"Daktari ameandika sonona."

"Huzuni kila mtu anayo. Wewe miguu unayo, macho unayo."

"Wiki tatu sikuweza hata kuoga, kaka. Leo nimeogeshwa na binti yangu ndipo nikafika. Na kazini wamesema bila cheti cha ulemavu nisirudi."

Karani akashusha pumzi. "Basi weka alama. Bila alama mkubwa hapitishi."

Nyamvula aliigusisha kalamu kichwani mwa mchoro, akaiondoa, kifuani, akaiondoa. Kisha akaanza kuupaka wino ule mchoro kuanzia vidole vya miguu, taratibu, akipanda. Kalamu ilipokauka magotini, karani aliitazama foleni, akachomoa yake mfukoni, akampa.