Inchi Mbili Zinatosha

Mama mwenye kitalu cha miche alikuwa amejibanza nyuma ya lori bovu, jua la saa sita likimchoma utosi, akimchungulia mume wake wa ndoa ya miaka thelathini na mbili akipapasa tairi.

Si kuligusa, kulipapasa. Viganja viwili, polepole, kidole kikiingia katikati ya kila jino la tairi. Yeye mwenyewe hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alishikwa hivyo.

Pikapu yao ilikuwa juu ya magogo katikati ya gereji, haina hata gurudumu moja. Mume alimwambia imeharibika gia. Wiki tatu za gia! Wiki tatu mama anakodi mkokoteni kupeleka miche kwa wateja, na bwana kila asubuhi anaaga, “Naenda kumsimamia fundi, mke wangu, hawa ukiwaacha wanalala.” Leo jirani yao muuza vipuri ndiye aliyetoboa siri. “Gia gani, mama? Mzee anainua gari. Anachagua springi na matairi mapya.”

Kuinua gari, jamani! Mtu wa miaka sitini na moja, kama vijana wa kupiga honi mitaani!

Wala hiyo haikuwa dalili ya kwanza. Tangu mwaka uanze, bwana kajinunulia miwani myeusi. Ujumbe ukiingia kwenye simu, hausomi mbele ya mkewe, anatoka nao mpaka kwa fundi viatu pale kona, wananong'onezana, anarudi kimya. Jumanne alirudi nyumbani vifungo vya shati vimepishana, cha juu kimeingia tundu la chini, na mama akajiuliza shati hilo lilivuliwa wapi hata likavaliwa kwa haraka namna hiyo. La kuuma zaidi, siku hizi akizungumza naye hamtazami usoni. Macho anayatupa kando, mahali fulani karibu na sikio. Mwenye hatia utamjua tu.

“Mzee, tupandishe inchi nne,” fundi alikuwa akisema. “Na tairi pana. Ukipita, watu wanageuza shingo.”

“Wageuze shingo ziwateguke bure. Inchi mbili zinatosha. Na tairi ziwe nyembamba, hizo pana zinafanya usukani uwe mzito. Mwenyewe atachoka.”

Mwenyewe? Mama alisimamisha masikio.

“Basi rimu za aloi, zinang'aa.”

“Weka za chuma. Ya chuma ikipinda unaigonga nyundo, safari inaendelea. Ile njia ya mlimani ina mawe, fundi wangu. Mimi nayajua moja moja, nayakwepa hata nikiwa usingizini. Yeye hayajui. Ndiyo maana nainua, apite juu yake bila kukwangua tumbo la gari.”

“Na kupanda? Si umesema ni mfupi?”

“Nifungie ngazi mlango wa dereva.” Mzee akacheka, cheko la chini, tamu, la mtu anayemfikiria mtu. “Ana maringo huyo. Hatakubali kusukumwa makalio.”

Lo! Damu ikamchemka mama mpaka machoni. Pikapu ile waliinunua kwa miaka kumi na mitano ya miche, mchanga na samadi, mgongo wake yeye. Leseni anayo tangu usichana wake, lakini siku zote aliambiwa, “Kaa hapo, mke wangu, pumzika, nakuendesha.” Akakaa. Kumbe alikuwa anapumzishwa ili usukani ulainishiwe mwingine! Mume na gari, vyote viwili vilikuwa vinampotea mchana kweupe, na yeye kajificha nyuma ya lori kama mwizi wa kuku.

Akamwona fundi anaingia stoo. Hapo hapo akatoka.

Alikuwa ameyapanga maneno yake yote. Atamuuliza jina lake huyo kibibi. Atamuuliza kama anajua kupandikiza mche, au anajua kupandishwa ngazi tu. Atamwambia nyumbani asirudi, nguo zake atazikuta mlangoni. Alivuka uwanja wa gereji akikanyaga nati na mafuta machafu bila kujali gauni, akaenda kusimama mbele ya mumewe, mikono kiunoni, hatua moja tu kati yao.

Mzee alikuwa amevua miwani anajifuta jasho kwa mkono wa shati. Aliposikia viatu vinasimama, akainua uso.

Mama akangoja ashtuke. Aliingoja ile rangi ya kufumaniwa, kinywa wazi, kigugumizi, “Mke wangu, ngoja nikueleze.” Alitaka kwanza auone uso huo kabla hajatamka neno, kwa hiyo alisimama tu, anahema, jua lote la mchana likimmulika usoni.

Mumewe akatabasamu, tabasamu la heshima, kama la mtu anayempisha mgeni njiani.

“Karibu, dada,” akasema. “Fundi kaingia stoo mara moja, anatoka sasa hivi. Samahani kukusumbua, wewe ni mtu mrefu au mfupi? Gari hili ni la mke wangu, nataka mtu wa kimo chake anijaribie ngazi.”