Josepha wa Kibondo

Kwa mara ya tatu asubuhi ile, kompyuta ilimwambia William, ofisa wa vitambulisho vya taifa, kwamba Josepha Moses ameshaandikishwa, ana kitambulisho chake mkononi, na anaishi Kibondo.

"Na wewe uko hapa Kasulu, mbele yangu," William alimwambia msichana aliyekaa upande wa pili wa meza. "Jina lako, la baba, la mama, tarehe ya kuzaliwa, hata shule ya msingi. Kila kitu kimeshachukuliwa. Alama za vidole tu ndizo zinazokataa."

Josepha alikuwa amesafiri siku mbili kutoka Dar es Salaam kufuata namba moja tu. Chuo kilibandika tangazo: asiye na namba ya kitambulisho cha taifa hasajiliwi mwaka wa tatu, na mwisho ni Ijumaa saa kumi jioni. Leo ilikuwa Jumatano.

Na chuo chenyewe si cha mchezo. Udaktari pale huingia wachache, na wachache hao hupungua kila mwaka. Jaribio la kwanza la anatomia Josepha alipata thelathini na moja kwa mia, akajifungia bafuni akalia, bomba kalifungulia maji wenzake wasisikie. Wenzake walitoka shule za kulipia, baba zao madaktari. Yeye alitoka kijijini Titye, huku Kasulu, na maneno mengine ya Kiingereza aliyaona kwa mara ya kwanza wakati mhadhiri anayafuta ubaoni. Baiokemia aliirudia likizo nzima. Katika wasichana sita wa chumba chake, watatu walikwishadisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, wakafungasha magodoro wakarudi makwao. Yeye alibaki, kwa kung'ang'ana tu.

"Mdogo wangu, pale wanaingia vichwa," alisema William, ambaye kwao ni Mbeya na aliletwa huku kikazi. "Mimi nilikikosa chuo hicho kwa alama mbili. Siwezi kukuacha ukwame kwa ujanja wa mtu."

Mzee Didas, aliyemsindikiza Josepha, alikaa kwenye benchi akizungusha kofia yake magotini. Miaka minane mfululizo ameuza maharage yake yote ili msichana huyu asome. Alipoulizwa ni nani, alisema ni mjomba; Moses, baba wa msichana, alihama Titye zamani.

"Mnafanana sana," alisema William.

"Damu hiyo, bwana mkubwa," alijibu Didas, akatazama chini.

William aliegemea kiti chake kwa raha ya mtu aliyekwisha kufumbua fumbo. "Sikilizeni. Huku kwenu watu mnaazimana majina kama jembe. Mtoto akifeli la saba, mwalimu anamkalisha tena darasani kwa jina la mwingine, na anafaulu kwa jina hilohilo. Huyo wa Kibondo ni mmoja wao, nakuhakikishia."

"Kaka," alisema Josepha polepole, "hakuna namna ya kuniandikia mimi tu? Yeye mwacheni na chake."

"Unamhurumia mwizi?"

"Labda ana watoto."

William alicheka. Alimwona ana moyo wa udaktari hasa, na huruma ile ikamtia bidii zaidi. Akainua simu, akamwita mwenzake wa Kibondo, akaagiza mwanamke huyo aje kesho na kitambulisho chake. Akithibitika ni wa bandia, kitafutwa palepale, na Josepha atapata namba yake kabla ya chakula cha mchana.

Walitoka wakasimama barazani. Mzee Didas alinunua maandazi mawili, lakini hakuna aliyekula. Josepha alitaka kurudi ndani amzuie yule kaka, lakini mtu anayekusaidia kwa moyo wote utamzuia kwa maneno gani?

"Ijumaa ikipita, miaka yangu yote imekwenda na maji," alisema.

"Maji ukishayavulia nguo utayaoga," alijibu mzee, lakini sauti yake haikuwa na nguvu. "Tungoje tu. Tutafanya nini?"

Kweli, hawakuwa na la kufanya. Usiku hawakulala, asubuhi wakarudi kwenye benchi lilelile.

Saa nne Alhamisi, mwanamke aliingia. Alikuwa ameshuka kwenye Noah ya abiria kutoka Kibondo, mtoto mgongoni, vumbi la safari kwenye kitenge, kitambulisho kakifunga ndani ya leso. Aliwasalimu watu wote waliokuwa kwenye foleni, mmojammoja. William hakumpa kiti.

"Mama, nakupa dakika moja," alisema, akimnyooshea kidole Josepha. "Huyu dada ni daktari wa kesho. Amehenyeka kwa jina lake, na wewe unatembea nalo mfukoni. Sema ukweli mwenyewe kabla sijaita polisi."

Mzee Didas alivaa kofia yake, akaivua tena.

Mwanamke alimtazama msichana kuanzia kichwani hadi viatuni, akamgeukia mzee kwenye benchi, kisha uso wake ukachanua. Akapiga goti kidogo, kama anavyosalimiwa mkubwa.

"Mwakeye, baba Asnath," alimwamkia kwa Kiha. Halafu akamshika msichana mkono kwa furaha. "Asnath, kumbe jina langu bado unalo? Mwalimu si alituambia ni la kufanyia mtihani wa la saba tu?"