Siku Tisini

“Hata siku moja, Madam,” Perez alisema kwa mara ya tatu. “Miaka miwili na miezi mitano huyu mtu hajakanyaga Kenya. Andika hapo sufuri.”

Afisa wa forodha, mama mpole aliyeitwa Wangui, hakuandika. Alikuwa ameeleza vizuri na alikuwa tayari kueleza tena, ingawa foleni ilikuwa imefika mlangoni. Mkenya akirudi nyumbani baada ya kuhamia ng'ambo, vyombo vyake vya nyumbani huingia bila ushuru, mradi awe ameishi huko miaka miwili, na katika miaka hiyo asiwe amekaa Kenya zaidi ya siku tisini. Zikizidi, sheria inamhesabu kuwa hakuhama. Atalipa kama mtu yeyote.

“Na hizo siku, Mama, tunasoma kwa pasipoti. Hatusomi kwa mdomo.”

Hapo ndipo penye shida. Ooko, mume wa Perez, alisema pasipoti imepotea.

Mwenyewe alikuwa amejikunyata kwenye benchi, ndani ya koti zito lisilofaa jua la Kisumu, akitazama viatu vyake. Alikwenda Uingereza kulea wazee. Kampuni iliyomwita ikafungwa, akahangaika huku na huku, mwisho akarudi na friza mbili, cherehani, jiko na kitanda, vyote sasa vimefungiwa katika bohari ya forodha. Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini, na Perez hakumlaumu. Lakini friza alizitaka. Alikuwa amechoka. Amechoka kuanika dagaa wa omena ufuoni Usenge na kuizoa mbio kila wingu linapotanda. Amechoka kumuuzia mchuuzi mbuta kwa bei ya kutupa, kwa kuwa jua likizama samaki ataoza. Friza hizo zingemtoa huko, na kama ushuru ungedaiwa, zingepigwa mnada, maana hawakuwa na cha kulipia.

“Mama Winny, tuwaachie tu hivyo vitu,” Ooko alisema polepole. “Tutaanza upya.”

“Tuache friza? Yawa, Baba Winny, hiyo baridi ya huko ilikuingia mpaka kichwani?”

Watu wa foleni wakacheka. Ooko hakucheka. Tangu arudi alikuwa mtu wa kusahau: simu kaiacha chooni, funguo kaziacha kwa jirani. Kitu pekee ambacho hakusahau ni njia. Siku Perez alipokwenda kumpokea Nairobi, wakiwa njiani kurudi walikwama kwenye msongamano wa Nyamasaria, hapa hapa Kisumu, naye akamwelekeza dereva apitie kichochoro nyuma ya kituo kipya cha mafuta. Dereva mwenyewe hakukijua. Perez akajivuna kimoyomoyo. Watu wa ng'ambo, ramani zote wanazo kwenye simu.

Sasa akatia mkono mkobani, akatoa kijitabu cha mazishi chenye picha ya mama mkwe wake, na kukiweka mezani.

“Soma, Madam. Huyu ni mama yake mzazi. Tulimzika Jumamosi, tarehe kumi na mbili Aprili, mwaka jana. Soma hapo kwa watoto.”

Wangui akasoma kwa sauti. “Ooko, kifungua mimba. Yuko Uingereza.”

“Umeona? Kifungua mimba! Sasa mtu anaweza kuwa hapa Kenya na asitupe udongo kwa kaburi ya mamake? Mimi ndio nilitupa badala yake, mkono mwingine nimeshika simu aone. Alilia huyo, Madam, nikadhani atazimia peke yake huko. Mvua ilitunyeshea, na kwake pia ilikuwa inanyesha. Niliisikia kwa simu. Nikamwambia, usijali Baba Winny, Mungu analia na sisi huku na huko.”

Wangui akavua miwani, akaifuta. “Pole sana, Mama. Pole, Mzee. Lakini kijitabu si pasipoti.”

“Nilijua utasema hivyo,” Perez akajibu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu. Alifungua fundo la leso na kuitoa pasipoti. Aliipata alfajiri, alipokuwa akikung'uta sanduku la mumewe, imeingia chini ya bitana. Hakumwambia, alitaka kumwona anavyoshangaa. Wala hakuifungua. Ya nini? Sura ya mumewe aliijua.

“Huyu siku moja atasahau hata kichwa chake,” aliiambia foleni.

Ooko akasimama. Kisha akaketi tena.

Wangui alifungua ukurasa mmoja mmoja, akifuata mihuri kwa ncha ya kalamu, akiandika tarehe kwenye karatasi. Perez alikwisha kuzipanga friza zake. Moja ya mbuta, moja ya barafu. Ingekuwa biashara ya kukaa chini, kivulini, kama watu wengine. Kwa uchovu aliokuwa nao, hilo peke yake lilitosha kumtoa machozi.

Hatimaye Wangui akainua uso, aking'aa kwa furaha.

“Si sufuri, Mama, hapo ulikosea. Lakini msiwe na wasiwasi. Aliingia tarehe ishirini na tisa Machi mwaka jana, akatoka tarehe kumi na mbili Mei. Siku arobaini na nne. Hata nusu ya tisini hazikufika! Hamlipi kitu.”

Foleni nzima ikapiga makofi. Perez hakuyasikia. Alikuwa akiisikia ile mvua ya kwenye simu, jinsi ilivyokuwa ikipiga mabati.